Nafasi Kati ya Maneno Si Kosa

Mwalimu wa Kiswahili humkata alama mwanafunzi aandikaye "kwasababu" badala ya "kwa sababu", naye afanya haki. Lakini mwanafunzi huyo huyo aingiapo katika chumba cha kompyuta huamriwa asiache nafasi katika jina la folda: aandike "kaziyamuhula", au ayafunge maneno kwa vistari. Somo moja lakataza kile ambacho somo jingine laamuru. Je, tumfuate nani?

Yafaa tuutazame mzizi wa amri hiyo. Mwaka 1976, Stuart Feldman wa maabara ya Bell huko Marekani alibuni Make, chombo cha kuundia programu kutokana na faili zake nyingi. Katika chombo hicho, nafasi ndiyo mpaka kati ya jina la faili moja na la pili. Tuseme mwanafunzi wa huku Magongo ameiweka kazi yake katika folda iitwayo "Kazi ya Muhula". Jina hilo likitajwa katika orodha, Make haioni jina moja bali matatu: Kazi, ya, na Muhula. Huitafuta faili iitwayo "ya", isiione, na kazi ikasimama.

Mwaka 1995 Windows 95 iliruhusu majina marefu yenye nafasi, ilhali MS-DOS iliyoitangulia ilikuwa na kikomo cha herufi nane na tatu za nyongeza. Hata hivyo, Make ingali ikijikwaa pale pale hadi leo.

Watetezi wa desturi hii husema kwamba kila orodha yahitaji kitenganishi, na kwamba kuibadili kanuni ya zamani kutavunja kazi nyingi zilizokwisha kuandikwa. Hoja hizo zina uzito. Wanapoongeza kwamba kuyaunganisha maneno hakumgharimu mtu chochote, hapo ndipo nisipokubaliana nao. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwingereza aweza kubandika nomino mbili zikawa neno moja. Sisi hatuna budi kupitia kihusishi cha -a: kazi ya nyumbani, kitabu cha mwalimu, daftari la alama. Nafasi imo ndani ya sarufi ya majina yetu.

Tena nafasi hubeba maana. "Wa kati" si "wakati", na "cha kula" si sawa na "chakula", ijapokuwa la pili lilizaliwa na la kwanza. Mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikashughulikia tahajia yake. Mipaka ya maneno tunayoifundisha leo ni tunda la kazi ndefu, haifai kufutwa kwa sababu ya udhaifu wa chombo.

Wala hasara haiishii kwenye sarufi. Novemba 2001, kampuni ya Apple ililazimika kuiondoa programu ya kusakinisha iTunes 2.0, baada ya kufuta data za baadhi ya watumiaji ambao majina ya diski zao yalikuwa na nafasi. Alama za kunukuu zilizosahauliwa ziliwapotezea watu kazi zao.

Kwa maoni yangu, mzigo huu ni wa mtengenezaji wa chombo, si wa mwandishi wa jina. Yawezekana kuubeba: Git, iliyobuniwa mwaka 2005, huyahifadhi majina yenye nafasi bila taabu. Hadi Make na wenzake watakapofika huko, walimu wawafundishe wanafunzi kulizungushia jina alama za kunukuu pale zinapokubalika. Panapokuwa hapana budi ila kuunganisha, waambiwe waziwazi kwamba hiyo ni dawa ya udhaifu wa chombo, wala si kanuni ya uandishi. Nanyi wanafunzi, mtakapoandika programu zenu wenyewe, zijaribuni kwanza kwa jina la Kiswahili lenye maneno matatu.