Ukimkimbia tapeli, mwalimu akupate vipi?

"Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" Mzazi gani hajaupata ujumbe huo? Unaingia asubuhi, mchana, hata usiku wa manane. Ukiufuta, unakuja wa mganga anayerudisha mume, au wa zawadi ya mchezo ambao hukuucheza.

Dada yangu, mama wa watoto wawili, alichoka. Akaamua kutopokea tena namba asiyoijua. Nilimsifu.

Wiki mbili baadaye mwanawe wa darasa la pili alipata homa kali shuleni. Mwalimu wake alipiga mara nne kwa simu yake binafsi. Dada akaitazama ikiita hadi ikakata. Mtoto alipelekwa zahanati na jirani aliyekuwa amefuata wa kwake. Ilikuwa malaria na alipona, lakini dada hadi leo hasimulii habari hiyo bila kushika kichwa.

Naandika habari za afya, na hili linanisumbua kuliko hata fedha zinazoibwa. Tukishazoea kudharau kila namba ngeni, tutamdharau pia mhudumu wa kliniki anayekumbusha chanjo ya surua ya miezi 18, ambayo ni rahisi kuisahau kwa kuwa mtoto keshatembea na kliniki imeshakuwa habari ya zamani.

Kwa hiyo wiki hii omba namba ya mwalimu wa darasa, ya mwalimu mkuu na ya zahanati yenu, uzihifadhi kwa majina. Shuleni acha namba mbili, ya pili iwe ya mtu anayepokea simu kweli. (Baba watoto, nakuangalia wewe.)

Kuna na yule anayejifanya mwalimu au daktari: "Mwanao ameanguka, tuma hela ya vipimo haraka." Hapo akili ya mzazi huruka. Kata simu, kisha umpigie mwalimu kwa namba uliyonayo wewe, si anayokupa yeye. Asipopatikana, mpigie mkuu, au mtume bodaboda unayemfahamu afike shuleni.

Ujumbe wa kitapeli usiujibu hata kwa matusi, maana jibu lolote linamwonyesha kwamba namba yako ina mtu. Utume kwenda 15040. Utaombwa namba iliyoutuma. Iandike, kisha izuie kwenye simu yako. Halafu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtandao husika ifungwe, kwa sababu matapeli hupenda kujificha nyuma ya majina ya wengine.

Dada sasa ana namba zote kwenye simu, na pia kaziandika nyuma ya kadi ya kliniki ya mdogo. Anasema simu nayo huibiwa.