Simu ya Ofisi Isiyoweza Kupiga 999 ni Pambo Tu

Wasee, leo tuongelee kitu hakuna mtu huwa anataja: ile simu imekaa kwa dawati la ofisi, yenye waya umejipinda na vumbi kidogo. Swali langu ni moja tu. Moto ukiwaka saa hii, uinue hiyo simu ubonyeze 999, itaenda wapi?

Kwa ofisi nyingi, haiendi popote. Na msimamo wangu ni huu: mwajiri ambaye simu zake haziwezi kupiga namba ya dharura moja kwa moja, asituambie ati anajali usalama wa wafanyakazi. Hata kama amebandika mabango ya "Usalama Kwanza" kila ukuta.

Wacha nieleze venye hii kitu hufanya kazi. Usiogope, mimi mwenyewe niliacha chuo, si injinia, na niliielewa.

Simu za ofisi huunganishwa na mtambo mmoja. Huo mtambo ndio huamua kila simu iende wapi. Ukitaka mtu wa ndani, unabonyeza namba fupi, tuseme 104. Ukitaka kupiga nje, lazima kwanza uombe laini, na mara nyingi unabonyeza 9 ama 0. Sasa piga hesabu. Kama ya ofisi yenu ni 9, ukibonyeza 999 mtambo unachukua ile 9 ya kwanza kama ombi la laini, halafu unabaki na 99. Hiyo si namba ya mtu yeyote. Ili upate polisi inabidi ubonyeze 9 mara nne. Niambie, nani atakumbuka hiyo na moshi umejaa kwa koridoo?

Ukisema utatumia 112, pia angalia. Ofisi ikiwa imepanga namba za ndani kuanzia 101, kuna uwezekano 112 ni dawati la mhasibu. Wewe unaita msaada, simu inalia kwa meza ya mtu ameenda kula lanchi.

Halafu kuna ofisi zimefunga simu kabisa ndio watu wasipige ovyo. Bila namba ya siri, hutoki nje. Ati kubana matumizi. Lakini kupiga 999 au 112 ni bure! Hapo unabana nini?

Kama unafikiri natafuta drama, sikiza hii. Tarehe 1 Desemba 2013, mwanamke anaitwa Kari Hunt aliuawa ndani ya chumba cha hoteli mji wa Marshall, Texas, na mume wake ambaye walikuwa wametengana. Binti yake wa miaka 9 alikuwa hapo. Alikuwa amefunzwa kwamba mambo yakiharibika unapiga 911. Akapiga. Haikuenda. Akapiga tena. Mara nne. Mtambo wa hoteli ulitaka abonyeze 9 kwanza, na hakuna mtu alikuwa amemwambia. Mtoto alifanya kila kitu sawa, mtambo ndio ulikosea.

Baba ya Kari, Hank Hunt, hakunyamaza. Alisukuma hiyo maneno mpaka 2018 Marekani ikapitisha sheria yenye jina la binti yake, ikaanza kufanya kazi Februari 2020. Inasema mitambo mipya ya simu za ofisi na hoteli lazima iruhusu mtu kubonyeza 911 bila namba yoyote mbele. Tena mtu akipiga, taarifa ifike hapo hapo kwa mapokezi au kwa walinzi, ndio wajue kuna shida. Sheria nyingine ya mwaka huo huo ikaongeza kwamba simu iende na mahali kamili ulipo, kama ghorofa na chumba, si jina la kampuni pekee.

Mambo matatu: simu itoke moja kwa moja, mtu wa ndani ajue, na msaada ujue pa kuja. Si roketi. Ni mipangilio ambayo jamaa wa IT anaweza kuweka akiwa amekaa kwa kiti. Lakini binti wa watu alilazimika kufa ndio ikawa lazima.

Hilo la mahali ndilo linanitisha zaidi, kwa sababu siku hizi simu za ofisi zinapitia intaneti. Unaweza kuwa na hedseti na laptopu kwako Rongai, na mtambo unajua wewe uko Westlands. Ama tawi liko Mombasa lakini simu zote zinatokea kwa laini ya Nairobi. Canada walionja uchungu wa hii 2008. Familia moja ilikuwa imehama kutoka Mississauga hadi Calgary na simu yao ya intaneti. Mtoto wao wa mwaka mmoja na nusu akazidiwa, wakapiga 911, ambulensi ikatumwa kwa anwani ya zamani, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka walipokuwa. Mtoto alifariki.

Sasa turudi nyumbani. Najua kuna mtu ashaanza: "Lakini si kila mtu ako na simu yake?" Wacha nikuambie kitu. Baada ya kuacha chuo nilifanya kazi kwa kampuni moja ya kupokea simu za wateja hapa Nairobi. Ukiingia, simu yako inabaki kwa loka. Sheria ya kampuni, kulinda siri za wateja. Siku moja dada mmoja wa safu yetu alizirai akaanguka. Tulikuwa watu wengi kwa hicho chumba, kila mtu na hedseti kichwani, na hakuna hata mmoja angeweza kupiga nje, kwa sababu programu ilikuwa inaruhusu namba za wateja pekee. Chumba kizima cha simu na hakuna simu! Msee mmoja alikimbia mpaka kwa loka, akarudi akitafuta funguo. Dada alipona, Mungu ni mwema. Tulipouliza kuhusu zile simu, msimamizi alisema "tutaangalia". Nilitoka hapo bado wanaangalia.

Na si kampuni za simu tu. Fikiria chini kwa pakingi hakuna netwaki. Fikiria mgeni wa hoteli ambaye simu yake imezima chaji. Fikiria msichana amefungiwa ofisini na mtu anamsumbua, simu yake imenyakuliwa, na ile ya mezani ndiyo imebaki.

Mwingine atasema, "Hata ukipiga 999, kwani hushikwa?" Naelewa hiyo hasira. Lakini serikali ikichelewa, hiyo ni kesi ya serikali. Mwajiri kufunga mlango kabla hata hujafika kwa serikali, hiyo ni kesi yake. Tena unaweza kupanga mtambo uwe na njia ya pili, kwa mfano 1199 ya Msalaba Mwekundu au kampuni ya ambulensi ambayo ofisi imelipia.

Tuko na sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 inayomtaka mwajiri kulinda watu walio kazini. Kwangu mimi, simu inayoweza kuita msaada ni sehemu ya huo ulinzi kama mtungi wa kuzima moto. Na ningependa Mamlaka ya Mawasiliano iseme hivyo wazi kwa kila anayeuza na kuweka hii mitambo.

Lakini tusingoje. Kama uko kazini ama kwa atachi, muulize jamaa wa IT haya:

Moja, 999, 112 na 911 zinatoka kutoka kila simu, bila namba ya mbele na bila namba ya siri? Na mtu akizoea kuanza na 9, hiyo nayo itoke. Njia zote mbili zifanye kazi.

Mbili, mtu akipiga, nani mwingine anaambiwa? Hapa Nairobi hii ni kubwa. Ambulensi inaweza kufika mapema halafu ikwame kwa geti kwa sababu soja hajui chochote, anataka waandike kitabu kwanza. Soja akijua, geti linafunguliwa na lifti inangoja chini.

Tatu, kuna stika kwa kila simu yenye jina la jengo, barabara, ghorofa na geti la kuingilia? Mtu akipanikia hata jina la jengo husahau. Na "hapo nyuma ya stesheni ya petroli" si anwani.

Nne, stima ikipotea, simu zinaishi? Za intaneti hufa na Wi-Fi isipokuwa kuna betri ya akiba.

Tano, imejaribiwa lini? Na tafadhali, usiende kupiga 999 kwa mchezo ndio ujue. Jaribio lipangwe na kampuni ya simu, liwe fupi, mtu aseme mara moja kwamba ni jaribio. Hiyo laini kuna mtu anaihitaji kweli.

Wakikuambia "wewe ni intani, hiyo si kazi yako", waambie mtoto wa miaka 9 alijua kupiga namba ya dharura. Kazi ya watu wazima ilikuwa kuhakikisha inaenda. Uliza kesho, kabla hujawasha kompyuta.