Mapambo ya baiskeli na kisigino cha mtoto

Msimu wa kuuza pamba, tumbaku na mpunga unapofika, maduka ya baiskeli katika miji yetu hujaa watu. Pikipiki zimeenea kila mahali siku hizi, lakini katika vijiji vingi vya Tabora, Shinyanga na Mwanza baiskeli bado ndiyo inayompeleka mama kliniki, mtoto shuleni, gunia mashineni na familia nzima kanisani. Hatuna neno juu ya ununuzi huo. Neno letu ni juu ya vile vinavyonunuliwa baada ya baiskeli yenyewe, pale mwenye duka anapoanza kuteremsha vitu vilivyotundikwa ukutani: siti nene, vishada vya usukani, vioo viwili viwili, taa za rangi, mikia ya raba ya madigadi iliyoandikwa maneno. Wengine hata nailoni ya kiwandani hawaiondoi kwenye fremu, ili jirani ajue kwamba ni mpya.

Sisi wauguzi tunaofunga vidonda tumewasikia wengi wakijutia vitu hivyo. Kwa maoni yetu, familia hutoa fedha kwa kile kinachoonekana barabarani, zikakosekana shilingi chache za kile kinachokinga mwili.

Tuanze na siti, maana ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Mtu anaendesha kilomita 20 kwenda mnadani, anarudi makalio yanauma. Kesho yake anakwenda kununua siti pana yenye sponji nene, au ule mfuko laini wa kuvisha juu ya siti ya zamani. Ukiibonyeza kwa kidole gumba dukani, ni kama mto wa kulalia. Siku za kwanza ni raha tupu. Baada ya majuma machache mwenyewe anakuja kwetu, anasubiri mpaka chumba kiwe hakina watu, kisha anasema kwa sauti ya chini kwamba anapata ganzi sehemu za siri.

Mwili wa mtu aliyeketi hubebwa na mifupa miwili iliyo chini ya makalio. Keti juu ya viganja vyako kwenye benchi gumu, utaigusa. Siti yenye ugumu wa kiasi huishika mifupa hiyo na kuibeba. Siti laini mno huiacha izame, na sponji iliyosukumwa pembeni hupanda juu katikati, ikabana mishipa ya damu na ya fahamu inayopita kati ya mapaja. Mwaka 2008 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa Marekani kwa polisi wanaume 90 wanaofanya doria kwa baiskeli. Walibadilishiwa siti zao, wakapewa zisizo na ile pua ya mbele, wakazitumia kwa miezi 6. Mwanzoni walioendesha bila ganzi yoyote walikuwa asilimia 27 tu. Mwishoni walifika asilimia 82. Siti hizo hatutazamii kuziona katika maduka yetu, na hakuna haja ya kuzitafuta. Tunachojifunza ni kwamba kinacholeta ganzi ni mahali uzito unapokaa, na unene wa sponji hauondoi tatizo hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kununua siti nyingine, mwombe fundi afungue nati aiweke ile uliyo nayo sawasawa, pua yake isielekee juu. Kisha pima urefu. Keti, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila wewe kuinamia upande mmoja. Wengi wetu huweka siti chini kwa kuogopa kuanguka, halafu magoti yanauma, tunanunua dawa ya kuchua. Siti ya ngozi yenye springi, ile ya baiskeli za zamani, inatosha kabisa mwili ukishaizoea. Na ganzi isiyoondoka baada ya kupumzika, au mkojo kutoka kwa shida, si jambo la kuonea haya. Njooni hospitali.

Kifaa cha pili ni kofia ngumu, yaani helmeti. Hapa tusieleweke vibaya: tunaitaka, na tungefurahi kuiona juu ya kila kichwa kinachopita barabara kuu. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya matokeo ya tafiti 40, zenye waendesha baiskeli zaidi ya 64,000 waliowahi kuumia, wakakuta kwamba helmeti inapunguza uwezekano wa jeraha kubwa la kichwa kwa asilimia 69 hivi. Ndugu zetu wanaosema kwamba walikua bila helmeti na wako salama wanasema kweli juu yao wenyewe. Wale ambao hawakuwa salama hawapo kwenye kibaraza cha kahawa kutoa maoni yao.

Lakini helmeti nyingi zinazonunuliwa kwetu ni fedha iliyopotea. Kinachookoa kichwa si ganda la nje linalong'aa, ni lile povu gumu jeupe la ndani, la aina ileile inayofungashiwa televisheni. Kichwa kinapogonga chini, povu hilo hubonyea na kupokea kishindo ambacho kingepokelewa na ubongo. Likishabonyea halirudi. Helmeti iliyokwisha kupata ajali imemaliza kazi yake, hata kama nje inaonekana nzima. Sasa nendeni kwenye mtumba mkaangalie. Helmeti zimelundikwa pamoja na viatu, hakuna ajuaye iliyoanguka ni ipi. Kama huna uwezo wa kununua mpya, basi ishike ya mtumba uikague ndani: povu lenye ufa, lililobonyea au linalomeguka, iache hapohapo. Na vijana wanaozipaka rangi za mafuta ili zifanane na za timu zao wajue kwamba petroli na dawa ya kuyeyushia rangi hula povu hilo. Kofia ya wajenzi nayo isitumike badala yake, maana imetengenezwa kwa jiwe linaloangukia utosini, na mwendesha baiskeli huanguka kwa ubavu.

Tena kuna desturi ya kununua kubwa kwa kusema, "Atakulia." Sketi ya shule tunakubali, inaweza kukunjwa. Helmeti inayocheza kichwani huteleza kisogoni ikaacha paji la uso wazi, na paji la uso ndilo linalofika chini. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda ufungwe chini ya kidevu ubaki upenyo wa kidole kimoja au viwili. Baiskeli ya kukulia ni hatari zaidi. Mtoto asiyefika chini kwa miguu hawezi kusimama pale anapotaka. Husimama pale anapoangukia.

Juu ya taa tutasema kidogo. Watu hununua taa kali ya mbele na kusahau nyuma, wakati gari linalomgonga mwendesha baiskeli usiku mara nyingi hutoka nyuma yake. Ile ya dainamo ya zamani huzimika kabisa unaposimama. Kipande cha plastiki nyekundu kinachorudisha mwanga hakihitaji betri wala dainamo. Kadhalika raba za breki: ni kitu kidogo kuliko vyote dukani, na kwenye rimu za chuma zilizolowa mvua hata raba mpya huchelewa kushika, sembuse zilizokwisha mpaka chuma kinasaga chuma.

Sasa tufike kwa mtoto anayepakiwa nyuma, maana kwa ajili yake hasa ndiyo tumeandika.

Jeraha tunalolizungumzia wauguzi wote wa huku wanalijua. Mtoto wa miaka 3, 4 au 6 ameketi kwenye keria. Baba amemwekea mto mzuri, labda ameunuliwa na kitambaa chenye maua. Miguu inaning'inia. Njia ni ndefu, mtoto anasinzia au anachezesha miguu, na kisigino kinaingia kwenye spoki. Gurudumu halisimami mara moja kwa sababu lina uzito wa watu wawili. Mguu unavutwa mpaka unabanwa kati ya spoki na fremu. Spoki zinakata kama kisu, fremu inaponda, na ngozi ya kisigino inavuliwa kama soksi.

Ubaya wa jeraha hili ni kwamba huficha ukubwa wake. Siku ya kwanza mzazi huona mchubuko na mpasuko mdogo, damu imekwisha kukauka. Anashukuru kwamba mfupa haukuvunjika, anarudi nyumbani. Siku chache baadaye ngozi iliyopondwa inageuka nyeusi na kufa, kinafunguka kidonda ambacho pengine kinaonyesha mpaka ukano wa nyuma ya mguu. Tumekaa na watoto wa namna hiyo wodini majuma mengi, wengine mpaka wamebandikwa ngozi kutoka pajani. Mama anabaki hospitali, shamba linabaki bila mtu, na wadogo zake nyumbani wanalelewa na jirani. Baba mmoja aliuza mtamba kwa ajili ya matibabu. Baiskeli aliyokuja nayo ilikuwa na vioo viwili na kengele ya milio miwili, ila chini ya keria palikuwa wazi.

Kinachokinga ni nini? Ni vitu viwili ambavyo fundi baiskeli yeyote anaweza kuvitengeneza. Cha kwanza ni vikanyagio: vyuma vifupi viwili vinavyofungwa kila upande wa gurudumu la nyuma, kwa urefu unaofikiwa na miguu ya mtoto huyo hasa. Tumeona baiskeli nyingi zenye vikanyagio vya mtu mzima. Mtoto havifikii, navyo havimsaidii kitu. Cha pili ni kifuniko cha spoki: wavu wa waya wenye matundu madogo, bati lililokunjwa makali yake, au hata kipande kigumu cha dumu la mafuta kilichofungwa kwa waya kuanzia keria hadi karibu na ekseli, pande zote mbili. Kifungwe kwenye vyuma vya madigadi ili kisiguse gurudumu. Kifuniko hichohicho humsaidia na mama anayeketi upande, kwa sababu pindo la kanga likiingia kwenye spoki humvuta mtu chini kabla hajajua kumetokea nini.

Huko Uholanzi, ambako baiskeli ni nyingi kuliko watu, sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 8 anayepakiwa awe na kiti salama chenye pa kuegemeza mgongo, pa kushika na pa kuweka miguu. Wanaovaa helmeti huko ni wachache, jambo ambalo sisi hatuliigi, lakini mguu wa mtoto wameukumbuka. Kwetu trafiki hawezi kukagua keria ya kila kijiji. Mkaguzi awe baba, au mama, au babu anayeaga wajukuu mlangoni.

Tunajua watasema fedha hakuna. Ndiyo maana hatukuandika habari za viti vya watoto vya dukani, ingawa ni vizuri. Wavu na vikanyagio havizidi bei ya yale mapambo. Fedha ya mapambo ilipatikana. Ikiwa msimu huu zitapatikana tena, fundi apewe kazi hiyo kwanza, na vishada vingoje.

Neno jingine la haraka: msiwaache watoto wakichezea baiskeli iliyopinduliwa juu chini. Mmoja huzungusha pedali, mwingine hugusa mnyororo, na kidole hukatika pale meno yanapokutana nao. Yale mabati ya kufunika mnyororo ambayo mafundi huyatoa na kuyatupa ili wafanye kazi kwa urahisi, waambieni wayarudishe.

Ikiwa ajali ya spoki imekwisha kutokea, msiuvute mguu kwa nguvu wala kuzungusha gurudumu. Kateni spoki kwa koleo, spoki hununuliwa. Osheni jeraha kwa maji safi mengi yanayotiririka, lifunikeni kwa kitambaa safi, mguu uinuliwe. Msipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, dawa ya meno wala mafuta ya breki. Mleteni mtoto siku hiyohiyo hata kama kidonda ni kidogo kama kucha, na mkiambiwa mrudi baada ya siku mbili, mrudi, kwa sababu ngozi inayokufa huanza kujionyesha siku hizo. Vidole vikiwa baridi, vimepauka au mtoto hasikii ukivigusa, msingoje kupambazuke. Na mkija, mje na kadi yake ya kliniki, ili tuone kama chanjo ya pepopunda imekamilika.