Dawa ya selimundu ikionekana kugoma, kamuone tabibu wa pili



Leo tuzungumzie jambo ambalo wazazi wenye watoto wa selimundu, au siko seli kama wengi tunavyoiita, hulinong'ona nje ya chumba cha daktari lakini ndani hawalisemi. Mtoto alianzishiwa haidroksiurea, akapata nafuu, mwaka mzima hakulazwa. Sasa maumivu yamerudi. Kila mwezi ni hospitali, dripu na sindano, kisha nyumbani na vidonge vilevile. Mzazi anajiuliza: Je, dawa imeshindwa? Na nikiomba kuonana na daktari mwingine, si nitakuwa nimemvunjia heshima huyu aliyemtibu mwanangu siku zote?

Rai yangu ni kwamba mzazi huyo aende kwa tabibu wa pili, na aende mapema, kabla hajaiacha dawa. Wengi hufanya kinyume. Huacha dawa kimyakimya, huhangaika miezi sita huku na kule, na wanapofika kwa bingwa wa damu mtoto ameshazidiwa.

Kwa upande wa dini sioni pa kuonea haya. Imam Malik katika Muwatta amepokea kwa Zayd bin Aslam habari ya mtu aliyejeruhiwa zama za Mtume (s.a.w) na damu ikamganda jerahani. Wakaitwa watu wawili wa Bani Anmar kumtazama, na Mtume (s.a.w) akawauliza ni yupi kati yao aliye mjuzi zaidi wa tiba. Matabibu walikuwa wawili, na swali lilikuwa juu ya ujuzi. Hakuna aliyehesabiwa kuwa amedharauliwa.

Sasa turudi kwenye dawa yenyewe. Haidroksiurea humfanya mgonjwa atengeneze kwa wingi ile himoglobini aliyokuwa nayo tumboni mwa mama yake, ambayo huzuia chembe nyekundu zisijikunje kama mundu. Kazi hiyo huchukua miezi, si siku. Mara nyingi inayoitwa dawa iliyoshindwa ni dawa isiyotosha. Dozi hupigwa kwa uzito. Mtoto wa kilo 15 akianzishiwa miligramu 20 kwa kila kilo, anapata miligramu 300 kwa siku. Akifikisha kilo 25 na bado anakunywa 300 zilezile, amebakiwa na miligramu 12 kwa kilo. Mtoto amekua, dozi imebaki pale pale, na lawama anabebeshwa kidonge.

Jambo hili limepimwa hapa jirani. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Uganda uliowahusisha watoto 187 wenye selimundu. Kundi moja lilibaki na dozi ya miligramu 20 kwa kilo, na jingine likawa linaongezewa taratibu huku damu ikipimwa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu walioongezewa walikuwa wanaumwa mara chache zaidi na kuhitaji kuongezewa damu mara chache zaidi, bila madhara ya ziada. Lakini neno la kushika hapo ni "huku damu ikipimwa". Dozi ikizidi, chembe nyeupe hushuka na mwili ukakosa kinga. Kwa hiyo mzazi asijiongezee mwenyewe nyumbani.

Tabibu wa pili ataanza kwa kuuliza dawa inanywewaje. Tuwe wakweli hapa. Dawa inauzwa, na mwezi ukiwa mgumu vidonge huanza kunywewa siku moja na kurukwa siku moja. Mwambie daktari ukweli huo, maana akidhani mtoto anameza kila siku atafanya uamuzi juu ya hesabu ya uongo. Picha kamili ya damu nayo humsaidia: chembe nyekundu za mtu anayemeza vizuri kwa kawaida huongezeka ukubwa. Kama hazijabadilika kabisa, ataangalia unywaji na dozi kwanza.

Halafu kuna maumivu ambayo dawa hii haiwezi kuyaondoa. Kijana anayeumwa nyonga kila siku na kuchechemea huenda kichwa cha mfupa wa paja kimekosa damu na kuanza kufa. Huyo anahitaji picha ya nyonga na daktari wa mifupa. Ukimwongezea haidroksiurea mwaka mzima, nyonga haitapona. Kwa ajili ya mambo kama haya jicho la pili lina thamani. Anayemwona mgonjwa kila mwezi anaweza kuzoea kuandika "maumivu ya selimundu" bila kumgusa.

Na Ramadhani tusiisahau. Upungufu wa maji mwilini ni chanzo kinachojulikana cha maumivu haya. Nimeona vijana wanaofunga kwa kujificha ili wasionekane wanyonge mbele ya wenzao, wakilazwa wazazi husema dawa imekwisha nguvu. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Sura Al-Baqara. Kijana wa selimundu azungumze na daktari wake Shaaban, asingoje Ramadhani iingie.

Jinsi ya kuomba si ngumu. Sema hivi: "Daktari, tunashukuru kwa matibabu. Mtoto anazidi kuumwa, naomba uniandikie rufaa nikapate na maoni ya bingwa wa damu." Daktari mwenye kujiamini hatachukia. Muhimbili ina kliniki ya selimundu na mabingwa wa damu, na hospitali nyingine za rufaa zinaweza kukuelekeza. Usiende mikono mitupu. Beba kadi ya kliniki, majibu ya maabara ya zamani na mapya, boksi la dawa lenyewe, na karatasi uliyoandika tarehe za kulazwa, mara alizoongezewa damu, na uzito wake. Bila hayo bingwa ataanza upya, na nauli yako itaishia kwenye vipimo ulivyokwisha kufanya.

Rai ya pili niisemayo ni ya mtaalamu wa maradhi hayo. Duka la dawa baridi litakuuzia vidonge vya chuma "kuongeza damu", kumbe mgonjwa aliyekwisha kuongezewa damu mara nyingi huenda chuma kimeshamzidi mwilini. Vidonge vya foliki ni kitu kingine, hivyo endelea navyo. Ndugu aliye Muscat au London naye hutuma dawa mpya aliyoisikia. Oxbryta iliidhinishwa Marekani mwaka 2019, na Septemba 2024 kampuni yenyewe ikaiondoa sokoni dunia nzima kwa wasiwasi juu ya usalama wa wagonjwa. Na hijama, sisemi kinyume cha Sunna, lakini mwenye himoglobini ya 7 hana damu ya kutolewa. Mtume (s.a.w), katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud, amembebesha dhamana anayetibu watu hali hajulikani kwa elimu ya tiba. Wapiga hijama wetu waisome.

Yapo mambo yasiyosubiri rai ya mtu: homa ya nyuzi 38.5 au zaidi, kifua kuuma na kupumua kwa shida, udhaifu wa upande mmoja au kushindwa kusema ghafla, tumbo kuvimba upande wa kushoto kwenye bandama huku mtoto akipauka, na uume kusimama kwa maumivu kupita saa nne (hili vijana hulificha kwa haya, na ucheleweshaji huweza kuwaachia ulemavu wa kudumu). Hapo nenda hospitali ya karibu usiku huohuo.

Matabibu wawili wakitofautiana, usichague kwa ukali wa sauti au ukubwa wa jengo. Mwombe wa pili aandike anachokiona na sababu yake, umpelekee wa kwanza aisome. Muulize kila mmoja: tutajuaje kwamba hili limefaa, na baada ya miezi mingapi? Hadi wakupe jibu, mtoto aendelee na dozi aliyoandikiwa, isipokuwa daktari amesema isimamishwe kwa sababu ya majibu ya damu.