AJALI HII INA KINGA



Wahenga walisema, ajali haina kinga. Siwapingi wahenga. Lakini ipo ajali moja inayotokea vijijini wakati wa mavuno, na ajali hiyo ina kinga. Kinga yenyewe ni bomba la plastiki. Mara nyingi bomba hilo limetupwa nyuma ya nyumba ya mwenye trekta.

Nasema juu ya trekta linaloendesha mashine ya kupukuchua mahindi. Mashine hii imetupunguzia kazi. Zamani tulipiga mahindi kwa fimbo siku nyingi. Leo kazi hiyo huisha kwa saa chache. Siikatai mashine. Nakataa kuiendesha ikiwa uchi.

Tazama jinsi inavyofanya kazi. Trekta na mashine vimeunganishwa kwa chuma kirefu kinachozunguka. Mafundi hukiita shafti. Nguvu ya injini hupita katika shafti mpaka kwenye mashine. Lakini uwanja wa kijiji haukunyooka. Trekta huweza kusimama juu kidogo, na mashine chini kidogo. Kwa hiyo shafti ina viungo viwili, kimoja kila mwisho. Kila kiungo kina vipande viwili vya chuma, kila kimoja kama panda ya manati. Vipande hivyo vimeshikana kwa chuma chenye umbo la msalaba. Mafundi hukiita krosi. Kwa sababu ya krosi, shafti huweza kujikunja huku ikizunguka, kama kifundo cha mkono wako.

Huu ni ufundi wa siku nyingi. Mwingereza Robert Hooke alieleza kiungo cha namna hii katika kitabu mwaka 1676. Ni ufundi mzuri. Lakini chuma hakina macho. Hakijui gunzi wala mkono wa mtu.

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika kijiji kimoja kukagua madarasa ya kisomo. Mama mmoja, mwanakisomo wetu, aliinama kuokota magunzi ya kuwashia moto. Shafti ilikuwa karibu naye, nayo haikufunikwa. Kwenye kiungo palikuwa na bolti ndefu iliyochomoza. Bolti ikadaka pindo la kanga. Tulisikia ukelele mmoja tu. Kanga ilikuwa kuukuu, ikachanika. Mama akaanguka, mkono umevunjika, lakini alipona.

Jioni watu walisema, "Ni bahati mbaya." Mwenye trekta alisema, "Ni uzembe wake." Nilipokwenda kumpa pole, yule mama aliniambia, "Mwalimu, siku ile nilitaka kuvaa kanga mpya. Nikasema, acha, nitaivaa Ijumaa."

Kesho yake darasani tulifanya hesabu. Matrekta mengi yametengenezwa ili yazungushe shafti mara 540 kwa dakika. Dakika moja ina sekunde 60. Gawanya 540 kwa 60, unapata 9. Basi kila sekunde shafti huzunguka mara 9. Shafti yenye unene wa sentimeta 7 ina mzingo wa sentimeta 22 hivi. Zidisha 22 kwa 9, unapata 198. Yaani kwa sekunde moja shafti huvuta nguo ya karibu mita mbili. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi. Imekwisha kabla hujamaliza kusema "mama!" Na anayesimama kwenye trekta kuzima injini hawezi kuwahi.

Wapo wanaosema, "Watu wavae vizuri na wawe waangalifu." Ni kweli. Nguo zibanwe, na watoto wakae mbali. Lakini mtu huchoka. Mtu husahau. Mtu huitwa na mwenzake akageuka. Kifuniko hakichoki wala hakisahau.

Wapo wanaosema, "Kinga hutuchelewesha kupaka grisi kwenye viungo." Jibu langu ni hili: grisi hupakwa injini ikiwa imezimwa. Dakika chache zinatosha. Mkono uliokatika haurudi hata ukingoja miaka.

Tena wapo wanaosema, "Kinga ni ghali." Ndugu zangu, mwenye trekta hutoza kwa kila gunia. Igawanye bei ya kinga kwa magunia yote ya msimu, uone kila gunia linadaiwa kiasi gani. Mimi naona hata tukiongeza kidogo malipo yetu, ni afadhali. Na yeye mwenyewe ndiye anayekaa karibu na shafti kutwa nzima. Shati lake nalo lina mikono.

Basi maoni yangu ni haya. Tusingoje ajali ndipo tufanye mkutano. Kabla ya mavuno, mkutano wa kijiji uamue mambo manne:

1. Trekta ambalo shafti yake haina kifuniko lisipukuchue mahindi kijijini kwetu.

2. Kifuniko kifunike shafti yote na viungo vyake. Cheni yake ifungwe mahali pasipozunguka, ili kifuniko kisizunguke pamoja na shafti.

3. Bolti zilizochomoza na misumari iliyowekwa badala ya pini viondolewe.

4. Mtu yeyote asiruke shafti, wala asiokote kitu chini yake, injini ikiwa inafanya kazi.

Mwenye trekta atasema ataenda kijiji kingine. Kama kijiji kingine nacho kimeamua hivyo hivyo, atakwenda wapi? Atanunua kinga.

Ninyi mliohitimu kisomo mnaweza kusaidia. Andikeni neno HATARI kwa rangi nyekundu na herufi kubwa juu ya kifuniko. Yule mama wa kanga aliliandika kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa bado umefungwa. Herufi zake zilipinda, lakini kila mtu alizisoma.

Maswali ya mazungumzo

1. Je, mashine za kijijini kwenu zina vifuniko? Nendeni mkatazame injini zikiwa zimezimwa.

2. Ni nani alipe gharama ya kinga: mwenye trekta, wakulima, au wote pamoja? Toeni sababu.