Chema Hakijiuzi

Msomaji, iko methali moja iliyotiwa vinywani mwetu tangu utoto, nayo ni hii: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Sina ugomvi na wazee walioitunga. Wao waliishi katika miji ambamo fundi na mnunuzi walijuana kwa majina. Mkeka mzuri ulionekana kwa jicho na kupapaswa kwa mkono, na sifa ya msusi hodari ilifika mtaa wa pili kabla ya jua kuchwa. Ugomvi wangu ni na watu wa leo waichukuao methali hiyo wakaifanya kitanda cha kulazia uvivu na kiburi chao. Nataka kuupinga utumizi huo, na mfano nitakaoutumia huenda hukuutazamia. Ni mfano wa michezo ya kuigiza mezani, na wa maonyesho makubwa ambamo watunzi wa michezo hiyo hukutana na wachezaji, hasa huko Marekani.

Yafaa kwanza ujue mchezo wenyewe ni kitu gani, maana hapo ndipo hoja yangu ilipotia nanga. Watu watatu, wanne au watano huketi kuizunguka meza. Kila mmoja huvaa nafsi ya mtu wa kubuni: huyu nahodha, huyu mwizi, huyu mganga. Aghalabu mmoja wao huwa mwongozaji. Yeye hueleza nchi na hali iliyomo, na kuwasemea watu wote wanaotokea njiani. Wengine husema watendalo. Pale ambapo tendo laweza kufaulu au kushindwa hutupwa dadu, na kanuni zilizoandikwa kitabuni huamua. Hakuna ajuaye hadithi itaishia wapi. Ukitaka mfano wa karibu, kumbuka ngano za bibi. Mtambaji husema "Paukwa!" nasi huitikia "Pakawa!" Sasa fikiri kwamba baada ya kuitikia tungepewa pia ruhusa ya kumchagulia sungura njia ya kupita, na fisi naye akawa na mtu wa kumtetea. Huo ndio mchezo wa kuigiza mezani.

Tazama basi ugumu wa bidhaa hii. Embe hunuswa. Kitambaa huvutwa kikajulikana uimara wake. Hata kitabu cha hadithi chaweza kufunguliwa ukurasa wa kwanza, msomaji akanaswa papo hapo. Lakini kitabu cha kanuni si mchezo, kama vile karatasi ya muziki isivyokuwa wimbo. Mchezo haupo mpaka watu wameketi. Juu ya meza ya muuzaji kitabu bora na kitabu hafifu hufanana kama mapacha. Vyote vina jalada la rangi, na mara nyingi joka juu yake. Waambie wenye methali yao watujibu: chema cha namna hii kitajiuza kwa ulimi gani?

Historia ya michezo hii yenyewe yawakanusha. Mwaka 1968 Gary Gygax alikodi ukumbi katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, kwa dola 50, akawaalika watu waliopenda michezo ya vita vya kubuni. Walifika kiasi cha watu 100. Ndivyo yalivyoanza maonyesho yaitwayo Gen Con. Mwaka uliofuata, katika maonyesho hayo hayo, alikutana na kijana wa Minnesota jina lake Dave Arneson. Baadaye Arneson alianza kuwachezesha rafiki zake katika nchi ya kubuni aliyoiita Blackmoor, ambamo kila mchezaji alikuwa mtu mmoja mwenye maisha yake, si jemadari wa jeshi zima. Lilikuwa jambo geni. Lingaliweza kufia huko huko Minnesota, maana kanuni zake nyingi zilikuwa kichwani mwa Arneson na katika karatasi chache. Walakini mwishoni mwa mwaka 1972 alisafiri hadi Lake Geneva, akaketi mezani na Gygax na wenziwe, akawachezesha. Hakuhutubia wala hakusifu. Aliwaingiza ndani ya jambo lenyewe, na walipoinuka Gygax alikuwa amekwisha kuwa mtu mwingine. Alizitaka kanuni, wakazifanyia kazi pamoja, na mwaka 1974 ikatoka Dungeons & Dragons, katika nakala 1,000 zilizotiwa masandukuni kwa mikono ya wenyewe. Ziliisha kwa muda usiofika mwaka. Katika miaka hiyo Gygax alikuwa akitengeneza viatu vya watu nyumbani kwake ili apate riziki, jambo ambalo wapenda ukubwa husahau kulitaja.

Je, Blackmoor ilijiuza? Haikujiuza. Ilitembezwa, tena kwa safari ndefu ya barabarani.

Mambo ya leo ni mapana zaidi, na kwa hiyo ni magumu zaidi. Gen Con ilihamia Indianapolis mwaka 2003, na mwaka 2023 waliohudhuria walizidi 70,000. Wauzaji waliopanga bidhaa zao walizidi 500. Mchezo wa Gygax na Arneson sasa ni mali ya Wizards of the Coast, iliyo chini ya kampuni kubwa ya Hasbro, na jina lake lajulikana hata na watu wasiopata kushika dadu. Katika bahari hiyo aingia mtunzi wa kujitegemea. Huyu ni mtu aandikaye usiku baada ya kazi ya mchana, amlipaye mchoraji kwa fedha ya mfukoni mwake, na kuchapisha nakala zinazoweza kuingia zote chini ya kitanda chake. Amelipa nauli, amelipa chumba, amelipa mahali pa kuweka meza. Ana siku nne. Asipouza atarudi nyumbani na masanduku yale yale, mazito kuliko alivyokwenda nayo.

Wako watunzi, nao si wachache, wafikao hapo wakaketi nyuma ya meza yao kama makadhi, mikono imefumbatwa, wakingoja ubora wa kazi yao utambuliwe. Mpita njia akisimama, humtazama tu. Akiuliza, humjibu kwa neno moja. Jioni hulalamika kwamba watu siku hizi hawana maarifa. Nasema wazi ya kuwa unyamavu huo hauna unyenyekevu ndani yake. Ni majivuno yaliyovaa kanzu ya haya. Mtu anayengoja dunia nzima imjie amejipa cheo ambacho hata Gygax, mwenye ukumbi wake, hakujipa.

Wengine huruka upande wa pili. Hupiga kelele, husimamisha bango refu kuliko mlango, hugawa vikaratasi vya matangazo kwa kila mkono unaopita. Vikaratasi hivyo hujaa mapipa ya takataka kabla ya adhuhuri. Hawa ndio walioifanya methali ionekane kweli, kwa kuwa hujitembeza wao wenyewe na kuuacha mchezo ukilala ndani ya sanduku. Nawaona afadhali kidogo kuliko wale makadhi, kwa sababu angalau wametoka jasho.

Njia iliyo sawa ni ile ya Arneson: kuketi na kuchezesha. Katika Gen Con uko mpango uitwao Games on Demand, ambao umekuwa kimbilio la michezo midogo. Mgeni hufika bila kujiandikisha tangu nyumbani, huonyeshwa orodha fupi ya michezo iliyopo saa hiyo, huchagua, huketi na watu asiowajua, na baada ya muda wa saa mbili au nne huinuka akiwa ameonja. Hakununua kwa kudanganywa na joka la jaladani. Akinunua, anajua alichonunua. Akikataa, anajua alichokataa.

Hapa mpinzani wangu huinua kidole na kuleta hesabu. "Ukichezesha watu wanne kwa saa mbili," asema, "mara tatu kwa siku, kwa siku nne, umewafikia watu 48. Nini watu 48 mbele ya watu 70,000? Mwenye vikaratasi amewafikia maelfu." Hesabu yake ni sahihi, ila amehesabu mikono akadhani amehesabu mioyo. Asahau pia tabia ya bidhaa hii. Mchezo wa kuigiza mezani hauchezwi na mtu mmoja. Aupendaye hana budi kuwatafuta wenzake, awafundishe kanuni, aketi nao. Kwa hiyo kila mnunuzi wa kweli ni mwalimu wa wengine watatu au wanne. Hata ikiwa katika wale 48 ni kumi tu watakaoufikisha mchezo nyumbani kwao, kuna meza kumi katika miji kumi, nazo zitaendelea wakati vikaratasi vimekwisha kuwa majivu. Hakuna mtu wa Lamu aliyejifunza bao kwa kusoma tangazo la bao. Alikaa barazani ubavuni mwa wachezaji, akatazama kete zikitembea, akakosolewa, mwisho akapewa nafasi.

Walakini kuketi tu hakutoshi, na hapa nina neno kali kwa watunzi wenyewe. Wengi wao huwaketisha wageni, kisha kwa nusu saa nzima huwasimulia nasaba za wafalme wa nchi yao ya kubuni. Mgeni hakuja kusikiliza nasaba. Mtunzi mwenye akili huja na wahusika waliokwisha kuandikwa, kila mmoja katika nusu ya karatasi. Huanzisha hadithi pale ambapo tayari mlango wavunjwa. Hufundisha kanuni moja inapohitajiwa, si zote kwa mkupuo. Uamuzi mkubwa kuliko yote humwachia mgeni, maana mtu hukumbuka alilolitenda kuliko aliloonyeshwa. Na saa ikifika, humaliza. Wengine wanangoja meza.

Ipo michezo iliyotungwa tangu mwanzo kwa kuheshimu wakati wa watu. Fiasco, uliotungwa na Jason Morningstar mwaka 2009, hauna mwongozaji wala hautaki matayarisho. Watu watatu hadi watano huketi na kubuni kisa cha watu wenye tamaa kubwa na akili ndogo, na usiku huo huo mambo yote yakawaharibikia. Mwaka 2011 ulipata tuzo ya Diana Jones, ambayo hutolewa kwa kazi zilizo bora katika uwanja huo. Tena uko mmoja ambao ningependa kila mwanafunzi wa lugha aujue: Dialect, wa Kathryn Hymes na Hakan Seyalioglu, uliotoka mwaka 2018. Ndani yake wachezaji ni jamii ndogo iliyotengwa na dunia. Hubuni maneno yao wenyewe, huyatumia katika mazungumzo, huyapenda, kisha mchezo ukielekea mwisho lugha ile hufa mdomoni mwao. Sisi tulio katika nchi yenye lugha zaidi ya arubaini, ambamo wajukuu wengine hawawezi kumwamkia babu kwa lugha yake, hatuhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hilo. Lakini jaribu kuuandika uchungu huo katika kikaratasi cha tangazo, uone kama utaenea.

Tena yako ya kuogopa ikiwa walio wadogo watanyamaza. Tangu mwaka 2000 wenye Dungeons & Dragons waliwaruhusu wengine, kwa leseni ya wazi, kutumia sehemu ya kanuni zao katika vitabu vyao. Mamia ya watunzi walijenga riziki juu ya ruhusa hiyo. Mwezi wa Januari 2023 ikavuja rasimu ya leseni mpya, iliyokusudia kuiondoa ile ya zamani na kuwatoza fungu la mapato wale wenye mauzo makubwa. Pakazuka kilio. Wachezaji wengi wakakatisha malipo yao, na kabla mwezi haujaisha kampuni ikarudi nyuma, ikaziweka kanuni za msingi chini ya leseni ya Creative Commons isiyoweza kufutwa. Mwisho ulikuwa mwema, lakini kwa majuma machache watu wazima walilala wakijiuliza kama kazi zao bado ni zao. Palipo na mti mmoja tu, ndege wote hutegemea shoka la mtu mmoja. Kila mchezo mdogo unaopata meza yake katika maonyesho ni mti mwingine, na atakayeuficha kwa sababu ya methali amewaibia ndege.

Lipo pingamizi la mwisho, nalo ndilo nilisikialo zaidi kutoka kwa vijana wenye vipawa: haya. "Mwalimu, nitawezaje kuisifu kazi yangu mbele za watu?" Hujaombwa uisifu. Mwenye kuchezesha hana nafasi ya kusifu; kazi yake ni kuuliza, "Na wewe wafanya nini?" na kusikiliza jibu. Kama mchezo ni mbovu, wageni wanne wataonyesha hivyo katika robo saa: mmoja atachungulia saa yake, mwingine atauliza kanuni ile ile mara tatu. Mtunzi na achukue kalamu, aandike ni kanuni gani. Nairobi nako hufanywa maonyesho ya vibonzo na michezo, NAICCON, na vijana huja na kazi za mikono yao. Atakayekwenda na mchezo alioutunga mwenyewe, kwa Kiswahili, na aende na meza, viti vitano, dadu na penseli za kutosha. Bango linaweza kungoja mwaka mwingine.