"Wazo si kitu, we peleka tu." Peleka kwa nani?

Kuna watu humu mtandaoni kazi yao ni kutuambia wazo halina thamani, cha maana ni kulitekeleza, kwa hivyo ukaliwasilishe kwa kampuni kubwa bila uoga. Hawa waliwahi kusikia kesi ya Faulu na Safaricom kweli?

2012, Faulu Kenya na Airtel walileta Kopa Chapaa, mkopo wa simu. Mwezi wa 11 mwaka huohuo Safaricom na benki ya CBA wakatoa M-Shwari. Faulu wakaenda kortini: huu mpango ni siri yetu, nyinyi tuliwaonyesha mapema. Wakaomba M-Shwari isimamishwe, Mahakama Kuu ikakataa. Sisemi waliibiwa, ushahidi sina. Nasema Faulu walikuwa na mawakili na leseni ya Benki Kuu. Wewe wa Mtopanga una bando na PDF.

Kipimo chenyewe kilitoka Uingereza, 1968, kesi ya Coco na Clark kuhusu injini ya pikipiki ndogo. Lazima uonyeshe taarifa ilikuwa siri kweli, uliyempa alijua anapaswa kuitunza, kisha akaitumia bila ruhusa ukaumia. "Watu wakope kwa simu" si siri, hata mama wa mahamri aweza kuliwaza hilo. Siri ni hesabu zako, vile umepanga kujua nani atalipa na nani atazima simu.

Sasa sikiza. Coco pia alinyimwa zuio. Lakini Clark walikubali kuweka kando shilingi 5 kwa kila injini mpaka kesi iamuliwe. Shilingi tano wazee! Hiyo ndiyo naitaka hapa. Hakuna haja ya kufunga huduma ambayo watu washaizoea. Kampuni ikishtakiwa, iweke senti kadhaa za kila mkopo kwenye akaunti isiyoguswa. Kama haikuiba, itarudishiwa zote. Yaogopa nini?

Na nyinyi waandaaji wa mashindano ya "leta wazo ushinde", mwatuita tueleze kila kitu, watu wa kampuni wamekaa mbele na madaftari wanaandika, na hakuna hata karatasi moja ya kutunza siri waliyotusainia. Ileteni hiyo kwanza, kabla ya chai na fulana.